Maswali ya Wasomaji: Mkasi, Jeki na Dereva Aliyebanwa

Swali: Tukiwa mazoezini tunakata nguzo ya kati ya gari dogo, ile iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, mkasi wa haidroliki (wa kukatia chuma kwa nguvu ya mafuta yenye presha) ulianza kujipinda na meno yakaachana. Je, umechoka? (Askari wa zimamoto, Morogoro)

Jibu: Yaelekea mkasi ni mzima, ila mlikatia nchani. Yatazame meno kwa karibu: pale taya mbili zinapokutana, ndani kabisa, pana mpindo kama wa mundu. Nguvu iko hapo. Chuma kiingie mpaka kwenye mpindo ndipo mbane. Kikibaki nchani, kinapenya katikati ya taya na kuzitenganisha, moja huku nyingine kule. Ncha zikiachana kiasi cha milimita 3, simamisha, fungua, shika upya. Anayelazimisha huvunja jino, na kipande kikiruka hakichagui wa kumpata.

Mkasi uwe nyuzi 90 na nguzo. Ukianza kujigeuza wenyewe, mwendeshaji asisimame kamwe kati yake na gari. Mashine nyingi za aina hii hufanya kazi kwa presha ya karibu bar 700, nayo haitofautishi mfupa na bati.

Halafu kuna chuma chenyewe. Ndani ya nguzo za magari ya karibuni mna chuma kigumu chenye boroni, na mkasi wa zamani hukwama hapo. Kateni juu ya pale mkanda wa usalama unaposhikiliwa. Lakini kwanza bandueni plastiki ya ndani. Mtaona kama pana mtungi mwembamba wa gesi wa mfuko wa hewa wa pembeni, pengine kwenye nguzo, pengine ukingoni mwa paa. Ukikatwa, unapasuka kando ya kichwa cha majeruhi. Tunawasihi msiiruke hatua hii hata umati ukipiga kelele kiasi gani.

Swali: Mashine ya haidroliki ikishinda juani, mpira wa mafuta (bomba laini linalotoka kwenye pampu) haukubali kuungana na kifaa. Tunagonga kwa nyundo. (Fundi wa kikosi, Dodoma)

Jibu: Nyundo iwekeni chini leo hii. Mafuta yaliyofungiwa ndani yametanuka kwa joto na hayana pa kwenda, kwa hiyo valvu ya kiunganishi haiwezi kurudi nyuma. Tumieni kifaa cha kutolea presha kinachotajwa kwenye kitabu cha mashine.

Ili isijirudie, rudisheni pampu kwenye hali ya kutokuwa na presha kabla ya kuvua mpira. Mkihifadhi kipanuzi (kifaa cha kutanulia mabati) msikifunge mpaka mwisho: ncha ziachane milimita 5 hadi 10. Meno ya mkasi yapandane kidogo tu. Vumbi kwenye viunganishi lifutwe, na vifuniko vyake virudishwe.

Mkiona mpira unavuja, msiupapase. Zimeni pampu, toeni presha, ndipo mkague. Mafuta yanayotoka kwenye kitundu kidogo hupenya ngozi. Kidonda huonekana kama cha mbu, kumbe ni cha kukimbizwa kwa daktari wa upasuaji saa hiyohiyo.

Swali: Dereva wa HiAce akibanwa miguu, kwa nini waokoaji wanachelewa kukata? Tusimvute kwa kamba? (Kondakta, Mbagala)

Jibu: Msivute. Miguu ikiwa imenaswa, gari likisogea majeraha yanaongezeka. Pigeni 114 ya zimamoto, zimeni swichi, wekeni mawe kwenye matairi, mmoja wenu azungumze na dereva bila kumgeuza shingo.

Huko mnakoona kuchelewa ndiko kazi iliko. HiAce haina boneti ndefu ya kupokea kishindo. Magoti ya dereva yako karibu sana na bati la mbele. Waokoaji hutia kabari chini ya gari, hutenganisha betri kwa kuanza na waya wa hasi, huondoa vioo na mlango. Kisha hukata nguzo ya mbele juu na chini. Bila mikato hiyo dashibodi haina njia ya kusogea. Jeki ya haidroliki husimamishwa kuanzia chini ya nguzo ya kati hadi usawa wa dashibodi.

Hapo kutu huharibu mambo. Nguvu hufuata penye udhaifu: sakafu ikiwa imeoza, kitako cha jeki kinazama na dashibodi haitikisiki. Bamba la chuma au kipande cha mbao ngumu huwekwa chini yake. Jeki husukumwa kidogo kidogo, mwokoaji mmoja akikodolea macho miguu, na mkato wa chini ukipanuka hutiwa kabari. Mtu aliyebanwa muda mrefu hafunguliwi kabla mhudumu wa afya hajawa tayari, kwa sababu sumu kutoka kwenye misuli iliyopondwa huweza kusimamisha moyo.

Miguu ikishakuwa huru, jeki huachwa palepale mpaka dereva atolewe. Ikirudishwa mapema, dashibodi hushuka tena juu ya magoti yake.