Shoti ya siku 96

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Wewe mama mwenye ajira na watoto wadogo, unabalansi vipi kazi na malezi?" Nimecheka, maana kubalansi ndiko kunakonipa ugali. Mimi ni keshia wa benki Kariakoo, mwaka wa nane huu. Jioni nikishafunga dirisha nahesabu fedha za droo na kulinganisha na mashine. Zikilingana, naenda nyumbani. Zikipungua, hiyo ni shoti, na shoti lazima mtu ailipe. Basi nitajibu kikeshia.

Mtoto wangu wa pili ana mwaka na miezi minne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua mapacha. Kliniki nao wanasisitiza mtoto anyonye maziwa ya mama tu, hata maji asipewe, mpaka atimize miezi sita. Miezi sita ni siku 180 na ushee. Toa 84, zinabaki 96, na hapo sijagusa zile nilizozila nikisubiri uchungu.

Sheria hiyo hiyo inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, akamnyonyeshe mwanawe. Nzuri kwa anayekaa mtaa wa nyuma ya ofisi. Mimi nakaa Kimara. Kutoka Kariakoo, kufika, mtoto anyonye, acheue, na kurudi, yote kwa saa mbili? Labda kwa helikopta. Tukakubaliana na meneja niwe nafunga dirisha saa nane mchana. Mwenzangu wa dirisha la pili ndiye aliyeirithi foleni yangu. Hakuwahi kunisema vibaya, ila kila ikifika saa nane alikuwa anashusha pumzi kwa sauti mpaka wateja wanageuka kunitazama. Simlaumu.

Maziwa nilikuwa nakamulia stoo, katikati ya maboksi ya vocha za zamani, mgongo nimeuegemeza mlangoni kwa sababu kitasa kilikuwa kibovu. Chupa naificha kwenye friji la kantini, nyuma ya soda. Siku moja, wiki ya pili tangu nirudi, mtoto wa mteja akaanza kulia kwenye foleni. Mimi nahesabu milioni mbili za mzee mmoja. Kifua kikaitika kabla sijajua kinachotokea. Doa linapanuka kwenye blauzi na mikono yote miwili imeshika fedha za watu. Yule mzee, Mungu ambariki, akainua macho kutazama dari mpaka nikamaliza. Nilipofunga dirisha nilikuwa na shoti ya 70,000. Nikalipa.

Baba watoto naye alipewa siku zake tatu za kisheria. Mbili ziliishia hospitali. Swali lenu mmetuuliza sisi kina mama tu. Siku mkimuuliza na yeye, nitanunua nakala mbili.

Lakini shoti ya fedha nililipa mimi. Zile siku 96, na saa zote zilizofuata, amezilipa dada wa kazi. Namwita dada naye ananiita dada, ingawa nimempita miaka kumi. Siku hizi natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, narudi saa moja usiku, foleni ya Barabara ya Morogoro ikiwa na huruma. Yeye ndiye anayejua kwamba mtoto halali mpaka ashike sikio la mtu. Sindano ya surua ya miezi tisa alimpeleka yeye, na nesi akamwambia, "Mama, mshike mkono vizuri." Alinisimulia hilo akicheka. Mimi sikucheka sana.

Jumamosi moja nilikuwa napepeta mchele uani. Mtoto akasimama, akaachia kigoda, akaja kwangu hatua sita. Nikapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Kisha nikamtazama vizuri: hayumbi, na akifika kwenye kizingiti anainua mguu. Mtoto wa hatua za kwanza hajui kizingiti. Nikamuuliza dada, "Huyu kaanza lini?" Akainamia sufuria. Nikauliza tena. Akasema wiki iliyopita, Jumanne.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka uone mwenyewe, dada. Mimi wangu niliambiwa kwa simu."

Wake yuko Singida kwa bibi yake. Alimwacha ana miezi kumi, akaja kunilelea wa kwanza, aliyekuwa na miezi mitatu. Watoto hao wamepishana miezi saba. Nilikuwa nalijua hilo tangu siku aliposhuka kwenye basi na begi lake, lakini kujua kwa namna hiyo ni kama kujua bei ya dhahabu. Sikuwahi kukaa nikapiga hesabu kwamba wakati anamnywesha wangu maziwa yangu kwa kikombe, wa kwake alikuwa anajifunza kumwita bibi "mama".

Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani wa kawaida anayelala kwa mwajiri. Kilikuwa chini ya shoti yangu ya siku ile moja. Mimi namlipa 150,000 na nilikuwa najiona mwema. Likizo nilikuwa nampa wiki moja, Krismasi, na khanga mbili za kwenda nazo, wakati sheria ninayoinukuu hapa tangu mwanzo, inayonipa mimi siku 28 kwa mwaka, inamhusu na yeye. Miaka minne! Na mimi ndiye ninayejiita mtu wa hesabu.

Mwaka huu anaondoka na siku zake 28 kamili. Nami nimejaza fomu, nachukua zangu siku hizo hizo, nibaki na watoto. Tatizo ni Januari. Mwanawe anaanza darasa la awali na anataka ampeleke mwenyewe siku ya kwanza, lakini likizo inaisha kabla shule hazijafunguliwa. Nimemwambia aongeze wiki. Wiki hiyo mimi natakiwa niwe dirishani, na mpaka naandika hivi sijajua nitaiziba na nini.