Barua ya usimamizi wa mirathi siyo hati ya umiliki

Mkuu, nimesoma swali lako: mzee amefariki Morogoro, ameacha nyumba, shamba na hela benki, hakuna wosia, na kaka mkubwa anasema yeye ni msimamizi "kwa kuzaliwa". Hakuna kitu hicho. Msimamizi anateuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu, ila muhtasari wake uandikwe vizuri: tarehe, waliohudhuria na saini zao, jina lililopendekezwa, na warithi wote. Ukimficha mtoto wa nje ya ndoa hapo, atakuja na pingamizi kesi ikiwa katikati.

Kama marehemu aliishi kimila au kwa sheria ya Kiislamu, anzieni Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa akiishi, siyo lilipo shamba. Kama aliishi maisha ya Kikristo yasiyofuata mila, ulizeni kwanza mahakama za ngazi ya juu. Watu wengi wamefutiwa uteuzi baada ya miaka kwa sababu walianzia mahakama isiyo na mamlaka.

Bebeni cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo (kibali cha mazishi hakitoshi), muhtasari wa kikao, na vitambulisho vya mwombaji na warithi. Mnajaza Fomu Na. 1, ya maombi, tangazo linabandikwa, mnasubiri muda wake uishe. Asipopinga mtu, shauri linasikilizwa, msimamizi anasaini dhamana, mara nyingi na wadhamini wawili, ndipo anapewa Fomu Na. 4, yaani barua ya usimamizi yenyewe.

Wengi wanaishia hapo wakidhani kazi imeisha, kumbe ndiyo inaanza. Ndani ya miezi 4 msimamizi arudishe Fomu Na. 5, yaani orodha ya mali na madeni. Madeni pia, jamani! Gharama za mazishi na mikopo hulipwa kabla ya mgao. Baadaye anafunga kwa Fomu Na. 6, hesabu za nani alipata nini. Msimamizi aliyekaa miaka 5 bila fomu hizo anaweza kuondolewa kwa maombi ya mrithi yeyote.

Kinachokwamisha kuliko vyote ni majina. Hati ya nyumba inasema "Hamisi Juma", akaunti inasema "Hamis J. Salum", cheti cha kifo kina "Khamis". Benki haitasogea. Kabla ya kufungua shauri, wekeni nyaraka zote mezani, mlinganishe herufi kwa herufi, kisha ndugu anayemfahamu marehemu aape mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Kiapo hicho kiingie kwenye jalada mapema.

Hela za benki msitegemee kukabidhiwa msimamizi mkononi. Kwa kawaida zinapitia akaunti ya mirathi ya mahakama, halafu warithi wanalipwa kwa mgao. Nyumba inasajiliwa kwanza kwa jina la msimamizi "kama msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani", ndipo ihamie kwa warithi. Akijaribu kuiuza kama yake, maneno hayo yatamsaliti kwa mnunuzi yeyote anayefanya upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu za hati ardhi. Na kama jina la mama nalo limo kwenye hati, sehemu yake siyo mirathi. Isiingizwe kwenye Fomu Na. 5.

Mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, fuatilieni kwenye mfuko wenyewe, wana utaratibu wao wa wategemezi.