Kwa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza: homa haiahirishwi

Zikiwa zimebaki siku nne mitihani ianze, kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alinigongea mlango usiku na kuniuliza, kwa adabu zote, kama sina vile vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili vilivyobaki. Koo lilikuwa limemvimba, macho yamemwiva, na kwapani alikuwa amebana desa, yaani kabrasha la masomo, nene kuliko mto wa kulalia. Nilipomuuliza kwa nini hajakwenda zahanati ya chuo, alinijibu kwamba atakwenda akishamaliza mitihani. Nilicheka, kisha nikakasirika, kwa sababu jibu hilo niliwahi kulitoa mimi mwenyewe, neno kwa neno, na gharama yake ninaifahamu. Nimeandika haya kwa ajili yake na wenzake, ambao kila mwaka huja na makosa yaleyale kana kwamba wamerithishwa pamoja na vitanda vya hosteli.

1. Zahanati huendewa na mtu ambaye bado anaweza kutembea. Katika muhula wangu wa pili nilianza kukohoa majuma mawili kabla ya mitihani. Mwenzangu wa chumbani alikuwa na antibiotiki saba alizozibakiza baada ya kutibiwa jino, naye akanipa kwa moyo mweupe. Nilimeza tano kwa siku mbili, homa ikashuka, nikajiona tabibu, na zile mbili zilizosalia nikazitunza kwenye kikopo cha kalamu kwa ajili ya dharura. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alikwishaonya katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kwamba anayejitibu kwa dozi pungufu huwafanya vijidudu waizoee dawa. Mimi sikujua hata kama kilichokuwa kifuani mwangu kilihitaji dawa ile, maana antibiotiki haziui virusi, na dozi ya jino la mwenzio haikupimwa kwa ajili ya kifua chako.

Baada ya siku chache homa ilirudi, safari hii ikiwa na kichomi cha ubavu wa kulia kila nilipovuta pumzi. Nikawa nameza parasetamoli mbilimbili, na juu yake dawa ya mafua ya kukoroga kwenye maji ya moto, bila kusoma kwenye pakiti kwamba hata hiyo ilikuwa na parasetamoli ndani yake. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na anayekivuka huliweka ini lake hatarini. Mimi sikuwa nahesabu. Mama alipopiga simu na kuuliza mbona sauti imekauka, nilimwambia kwamba nimetoka usingizini. Aliniamini, au alijifanya ameniamini, nami nikajisifu kwa kutomtia wasiwasi.

Asubuhi ya mtihani nilivaa masweta mawili nikaingia. Ninachokumbuka ni saa ya ukutani na kalamu iliyokuwa ikiteleza kwa jasho. Majuma kadhaa baadaye, nilipoomba kuonyeshwa kijitabu changu cha majibu, niliona kwamba swali la pili nilikuwa nimelijibu mara mbili, kurasa tatu kila mara, na kosa lilelile katika majibu yote mawili, ilhali swali la tatu na la nne sikuyagusa kabisa. Jioni ya siku hiyo nililazwa hospitali kwa nimonia. Nilitoka na cheti cha daktari nikiamini kwamba kitanisafisha, lakini ofisini nilisomewa kanuni niliyoitia saini siku ya usajili bila kuisoma, kwamba mwanafunzi anayeingia chumba cha mtihani amejitangaza mwenyewe kuwa mzima. Ningekwenda kupimwa siku moja kabla na kutoa taarifa, ningeahirishiwa mtihani na kuufanya baadaye bila doa lolote. Kwa kuwa niliingia, alama 19 zilibaki kuwa zangu, nikafanya sapu, yaani mtihani wa marudio, wakati wenzangu wako likizo na korido nzima inasikika miguu yangu peke yake. Vyuo vingi vina kanuni ya namna hiyo, kwa hiyo isomeni ya kwenu leo, mkiwa na afya ya kuielewa.

2. Laleni. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi kila usiku, na ni katika usingizi huo ubongo hushikamanisha yale uliyoyasoma mchana. Najua kukesha kuna sifa zake, na kwamba anayelala saa nne usiku huonekana hana uchungu na masomo. Lakini kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa mbili usiku bado kina nusu yake ndani yako saa saba, wakati unagaagaa kitandani ukiilaumu hofu ya mtihani. Nilikuwa na rafiki aliyekesha siku tatu mfululizo, akaweka kengele tano za kumwamsha, na zote tano zikawaamsha majirani.

3. Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili bila kuhifadhiwa kwenye baridi. Kukinusa si kukipima.

4. Soma, funga desa, kisha jiulize maswali na uandike majibu bila kuchungulia. Kupaka rangi mistari kunaridhisha macho, na mimi nilikuwa bingwa wa rangi tano, lakini nikifunga ukurasa nilikumbuka rangi tu.

5. Tembeeni. Dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kwenda darasani kwa mwendo wa haraka kunahesabika.

6. Awepo mtu mmoja anayejua hali yako ilivyo kweli. Mwenzangu wa chumbani aliniambia baadaye kwamba usiku wa kuamkia mtihani alinisikia nikiweweseka, akaogopa kuniamsha kwa sababu nilikuwa nimemwambia kwa ukali kwamba nahitaji kulala. Hata sasa simlaumu, ila nyinyi kubalianeni mapema, mkiwa wazima, kwamba mgonjwa wa chumba hicho hataulizwa kama anataka kupelekwa.

Yule kijana sikumpa kidonge. Nilivaa viatu nikamsindikiza zahanati usiku uleule, naye njia nzima akinilalamikia kwamba ninampotezea muda wa kusoma. Muuguzi alimchunguza, akamwambia kwamba dalili zake ni za virusi, asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, anywe maji ya kutosha, alale, na arudi kesho yake homa ikipanda. Tulipofika mlangoni aligeuka na kuuliza, kwa adabu zilezile, "Na vile vya rangi mbili, je?"