Maswali ya Wasomaji: Peroksidi ya maji ya plazima inapotelea wapi?

SWALI: Natengeneza maji ya plazima, yaani maji yaliyopigwa na gesi iliyochajiwa umeme: napiga cheche za volti 10,000 hewani, milimita 5 juu ya mililita 100 za maji yaliyokenekwa. Umeme unarudi kupitia waya wa shaba uliozamishwa majini. Baada ya dakika 20, pH ni 2.9 na upitishaji umeme ni mikrosimensi 700 kwa sentimita. Nikipima haidrojeni peroksidi kwa titani oksisalfeti, kitendanishi kinachogeuka njano kikikutana nayo, unjano ni hafifu; kesho yake hakuna kitu. Tatizo nini? Na maji haya yananyweka? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Peroksidi inatengenezwa vizuri tu, ila inaliwa. Cheche huunganisha nitrojeni na oksijeni ya hewa, na gesi zinazotoka hapo zikiyeyuka majini huacha nitriti, nitrati na asidi. Kwenye pH ya karibu 7, nitriti na peroksidi hukaa pamoja bila ugomvi. pH ikifika 3 hushambuliana: hutokea asidi ya peroksinitrasi, inayosifika kwa kuua bakteria, kisha yote huishia kuwa nitrati. Kwa hiyo pima papo hapo unapozima mtambo, usisubiri hata chai.

Kipimo chako nacho kinaongeza hasara. Kitendanishi cha titani kimeyeyushwa katika asidi ya salfuriki, kwa hiyo kikigusa sampuli tu, nitriti iliyobaki inamalizia peroksidi kabla rangi haijakolea. Iondoe nitriti kwanza. Chukua mililita 1 ya sampuli, tia mililita 0.1 ya sodiamu azidi ya milimola 60 kwa lita, changanya, ndipo uongeze mililita 0.5 ya titani na kusoma ukolevu wa rangi kwa spektrofotomita, kwenye mwanga wa nanomita 407. Sampuli za ulinganisho zipitie hatua hizohizo. Azidi ni sumu kali, na ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu: fanya kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, na masalia usiyamwage kwenye sinki, kwa sababu azidi ikikaa na mabomba ya shaba au risasi huzaa chumvi zinazolipuka. Nitriti yenyewe ipime kwa kitendanishi cha Griess, kinachogeuka waridi kikikutana nayo, kwenye nanomita 540, kwenye sampuli nyingine isiyotiwa azidi.

Sasa hizo 700. Maji yenye asidi ya nitriki peke yake, yakiwa na pH 2.9 na nyuzi 25, yangesoma kama 530. Ziada hiyo inatutia shaka na waya wako: asidi inaila shaba, na shaba iliyoyeyuka nayo huvunja peroksidi. Weka kijiti cha grafiti badala yake. Hakikisha pia pH mita imesawazishwa kwa bafa (kimiminika chenye pH inayojulikana) ya pH 4, na maji ya kuanzia hayazidi mikrosimensi 5. Maji ya kisima hayafai kwa jaribio hili, maana bikaboneti yake huimeza asidi na pH haishuki unavyotarajia.

Kunywa, hapana. Asidi ya pH 2.9 ikiwa yote ni ya nitriki, ni takriban miligramu 78 za nitrati kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha 50. Kwa nitriti kikomo ni 3 tu, na kwa shaba 2.