Maswali na Majibu: Shokapu za Magari ya Rimoti

Safu ya toleo hili ni ya wasomaji wanaounga na kuendesha magari ya rimoti ya uwiano wa 1:10. Tumechagua barua zinazohusu shokapu, kwa sababu ndizo zilizokuwa nyingi zaidi.

Swali: Ndugu Mhariri, gari langu la kukimbilia vumbini likitua baada ya kuruka tuta hudunda mara mbili tatu kabla ya kutulia. Shokapu za nyuma zimelowa mafuta upande wa chini na vumbi limegandia hapo. Rafiki amenishauri nijaze oili ya pikipiki. Je, itafaa? *(Msomaji, Mombasa)*

Jibu: Haitafaa, ndugu msomaji, na itakuongezea hasara. Ndani ya shokapu mna kazi mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa: springi hubeba uzito wa gari na kulirudisha juu linapobonyea, ilhali oili, kwa kulazimishwa kupita katika matundu madogo ya pistoni, huipunguza nguvu ya mwendo huo na kuigeuza kuwa joto. Gari lako linadunda kwa kuwa oili imevuja na hewa imeshika nafasi yake, hivyo springi inacheza bila kizuizi.

Oili ya pikipiki, sawa na ile ya cherehani, imetokana na mafuta ghafi, na oringi nyingi (raba za mviringo zinazozuia oili isivuje) za shokapu hizi ni za mpira wa silikoni ambao huvimba ukilowekwa katika mafuta ya jamii hiyo. Oringi ikivimba, shafti, yaani fimbo inayoibeba pistoni, huanza kukwama, na baada ya muda uvujaji hurudi ukiwa mkubwa kuliko wa kwanza. Tumia oili ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya shokapu. Namba zilizo kwenye chupa zisomwe kwa makini, kwa sababu kipimo cha “wt” (kifupi cha “weight”, namba ya uzito wa oili) hakilingani baina ya kampuni: namba 30 ya Team Associated ni sentistoki 350, na namba 30 ya Losi ni 338. Sentistoki, inayoandikwa cSt, ndiyo kipimo halisi cha mnato, yaani uzito wa oili inapotiririka, na ndiyo ninayoshauri uiandike katika daftari lako.

Kuhusu uvujaji wenyewe, chunguza shafti kabla ya kuilaumu oringi. Ipitishe polepole baina ya kucha zako. Ukihisi mkwaruzo wowote, ibadilishe, kwa maana oringi mpya juu ya shafti iliyochunika haitadumu. Mikwaruzo hiyo mara nyingi huachwa na plaizi iliyoishika shafti wakati wa kufunga kichwa chake cha plastiki, na dawa yake ni kuizungushia kipande cha mpira au ngozi kabla ya kuibana. Adui mwingine ni nyuzi za skrubu zilizo mwishoni mwa shafti, ambazo hukata oringi wakati wa kuipitisha. Zipake oili ya silikoni kwanza, kisha sukuma huku ukizungusha taratibu.

Osha vipande vyote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uvikaushe kabisa, ndipo ufunge oringi mpya. Shika shokapu ikiwa wima, pistoni ikiwa chini, ujaze oili hadi karibu na ukingo, kisha uipandishe na kuishusha pistoni polepole bila kuitoa nje ya oili, mpaka viputo vikome kutoka chini yake. Iache isimame kwa dakika kumi hivi. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayowafanya walalamike kwamba shokapu ya kulia hailingani na ya kushoto.

Kilichobaki ni kufunga kifuniko. Shafti inapoingia ndani huchukua nafasi, na oili haikubali kubanwa. Shafti ya milimita 3 ikiingia milimita 25 huhitaji nafasi ya takriban mililita 0.18, kiasi kidogo ambacho, kikikosekana, huizuia shokapu kufika mwisho wa safari yake. Ndiyo maana shokapu nyingi huwa na kiwambo cha mpira chini ya kifuniko, chenye hewa upande wa juu. Jaza oili hadi ukingoni, laza kiwambo bila kufungia hewa chini yake, anza kukaza kifuniko kwa mizunguko michache, sukuma shafti ndani taratibu ili oili iliyozidi itoke, kisha kaza. Bila springi, shafti iingie yote na kutoka bila mlio wa povu. Ikirudi nje yenyewe kwa nguvu, oili imezidi. Iwapo shokapu zako ni za aina isiyo na kiwambo, ambamo hewa kidogo huachwa ichanganyike na oili kwa makusudi, mlio huo ni wa kawaida.

Swali: Nina Tamiya TT-02 ambayo shokapu zake ni za plastiki na hazina oili kabisa. Je, ninunue za alumini? *(Msomaji, Dodoma)*

Jibu: Nunua za oili, suala la alumini ni la baadaye. Zilizokuja na gari lako hutegemea msuguano tu, na tofauti utakayoihisi italetwa na oili. Shokapu za plastiki za Tamiya za aina ya CVA, ambazo hujazwa oili, zinatosha kwa gari hilo, na zikiungwa vizuri zitazishinda za alumini za bei rahisi zenye shafti iliyolegea. Alumini hupendeza machoni, sikatai.

Swali: Gari langu haliingii konani vizuri, pua yake husukumwa nje. Nimezungusha pete za shokapu za mbele ili springi ziwe ngumu zaidi lakini hali imezidi kuwa mbaya. *(Msomaji, Nairobi)*

Jibu: Pete hiyo haiifanyi springi kuwa ngumu. Springi ya kawaida ina ugumu wake ule ule popote pete ilipo. Unachobadilisha ni kimo cha gari. Kwa kuzikaza za mbele umeinua pua, na uzito umeegemea nyuma zaidi, jambo lililoyanyima matairi ya mbele mshiko uliokuwa unautafuta.

Rudisha kimo kwanza. Weka gari mezani likiwa na betri yake, liinue kidogo na uliachie lianguke, kisha pima pengo lililo chini ya chasisi mbele na nyuma. Kimo kikishalingana na maelekezo ya mtengenezaji, weka mbele springi laini kwa daraja moja, au za nyuma zilizo ngumu kwa daraja moja, lakini usifanye yote mawili kwa pamoja, kwani hutajua lipi limeleta badiliko. Zaidi ya hapo kuna matundu ya kufungia shokapu: ukiilaza kwa kuisogeza juu kuelekea katikati ya gari, huanza kwa ulaini na kukaza kadiri inavyobonyea, ukiisimamisha, hujibu haraka tangu mwanzo. Mimi hupendelea kugusa matundu kabla ya kununua springi, kwa kuwa hayana gharama.

Katika njia yenye mashimo, angalia pia pistoni. Matundu madogo yenye oili nyepesi na matundu makubwa yenye oili nzito yanaweza kuhisika sawa ukisukuma kwa mkono polepole, lakini gari likigonga shimo kwa kasi, matundu madogo hukaza ghafla na gurudumu hurushwa juu badala ya kufuata ardhi. Gari likirukaruka mashimoni ingawa oili ni nyepesi, tafuta pistoni yenye matundu makubwa zaidi.

Swali: Huku kwetu wakati wa joto gari huwa imara asubuhi na mchana hulegea. Je, oili imeharibika? *(Msomaji, Muscat)*

Jibu: Haijaharibika. Mnato wa oili ya silikoni hutajwa kwa nyuzi 25 za Selsiasi, na kwenye nyuzi 40 hupungua kwa karibu robo. Ukiwa na oili ya sentistoki 350 asubuhi, jaribu ya 400 au 450 kwa michezo ya mchana. Oili iliyochoka huitambua kwa rangi: ikitoka ya kijivu au nyeusi, imebeba vumbi na chembe za chuma, nayo haifai kurudishwa hata kama shokapu bado haijavuja.