Udongo wa Mwalimu uko korongoni

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina ekari tatu huku Kongwa, chini kidogo ya mlima. Miaka kumi na tano iliyopita nilikuwa navuna gunia saba hadi nane za mtama kwa ekari. Msimu uliopita nimeambulia mbili na nusu. Amepita kijana mmoja na kifaa cha kuchomeka ardhini, akasema pH, yaani kipimo cha uchachu, ni 4, ardhi imechoka na ina chumvi nyingi. Ameniuzia kirutubisho cha maji, lita moja kwa ekari, shilingi 45,000 kwa lita. Nimelipa nusu. Je, ninyunyize kabla ya kupanda au baada? Au nipumzishe shamba misimu miwili kwanza?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Usinyunyize kabla wala baada, na hiyo nusu iliyobaki usilipe.

Kila ikifika Oktoba, watu wakianza kusafisha mashamba, maswali kama lako huanza kumiminika. Wengine hunitumia picha ya kiganja kilichoshika udongo, chini wameandika "naomba unisomee pH". Picha haina pH, ndugu zangu. Nimefanya kazi ya kuchimba na kupima udongo wa kanda hii ya kati karibu nusu ya umri wangu, na bado siwezi kusoma pH kwa macho.

Tumalizane kwanza na huyo kijana. Anasema udongo una uchachu wa pH 4, na papo hapo una chumvi nyingi. Ni sawa na fundi akuambie pikipiki yako haina mafuta na tangi limefurika. Uchachu mkali hivyo tunaukuta sana kwenye nyanda za mvua nyingi, ambako maji yameosha madini kwa karne na karne. Chumvi hukusanyika mahali ambapo maji yanafika, yanatuama, kisha jua linayakausha, kama kwenye mbuga za Bahi. Shamba lako liko kwenye mteremko, mahali penye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Uchachu wa kule na chumvi za huku vikutane kwako kwa njia gani?

Halafu wewe ni mwalimu, tupige hesabu. Ekari ni mita za mraba 4,047 hivi. Chukua kina cha sentimita 20, pale jembe linapofanya kazi, unapata mita za ujazo zaidi ya 800. Mita moja ya ujazo ya udongo wetu ina uzito wa takriban tani 1.4. Yaani katika ekari moja una zaidi ya tani 1,100 za udongo, na kuna mtu anataka kuzibadilisha tabia kwa lita moja ya maji yenye rangi ya chai. Uchachu wa kweli hurekebishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo hubebwa kwa magunia na matrekta, haipimwi kwa kifuniko cha chupa.

Lakini nikimlaumu yeye peke yake nitakuwa namwonea. Neno alilolitumia alilikuta tayari midomoni mwetu: ardhi imechoka. Kila mkutano wa kijiji nitakaokwenda, kuanzia Mpwapwa hadi Kondoa, nitalisikia, na hata maofisa wenzangu wanalo. Mtu aliyechoka unampa dawa au unampumzisha. Maswali yako yote mawili, Mwalimu, yametoka kwenye neno hilo moja. Kuna udongo uliopungukiwa virutubisho kwa kulimwa mfululizo bila kurudishiwa kitu, sikatai. Ila wa kwako, kwa jinsi ulivyoeleza, sidhani kama umechoka. Umeondoka. Unacholima sasa ni kile kilichokuwa chini yake.

Usiniamini mimi. Nenda kwenye mpaka wa shamba, tafuta mti wa zamani, mkwaju au mgunga, ambao mizizi yake inaonekana juu ya ardhi. Pima kwa rula kutoka pale shina linapoanza kugeuka mizizi hadi usawa wa ardhi ya leo. Mti haukuota ukiwa umesimama kwa vidole. Ile nafasi ilikuwa na udongo. Milimita moja tu ya udongo katika ekari moja ni zaidi ya tani tano na nusu. Ukikuta sentimita 15, umepoteza tani 850 kwa ekari, Fuso mia moja hivi zilizojaa, na hukusikia hata moja ikipita.

Kisha chimba shimo la kina cha nusu mita katikati ya shamba, na lingine pale kwenye uzio ambapo jembe halijafika miaka yote. Paka ukuta wa kila shimo maji kidogo uone rangi. Kule kwenye uzio utakuta tabaka la juu la kahawia iliyokoza, lina vijizizi, linameguka mkononi. Kwako nategemea utakuta wekundu umeanzia juu kabisa au karibu na hapo. Chukua na donge moja kavu kutoka kila shimo, uyatumbukize kwenye glasi mbili za maji. La uzioni litakaa muda, likitoa vipovu. La shambani litaporomoka kama sukari kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Kuporomoka huko ndiko kunakokumaliza. Tone la mvua likigonga ardhi tupu, donge linavunjika, chembe laini zinaziba vitundu, na jua likitoka panakuwa na gamba. Ingiza ncha ya kisu baada ya mvua ya kwanza, utalinyanyua kama ukoko wa ugali. Mvua inayofuata haiingii. Milimita 20 zikinyesha kwenye ekari moja ni lita 81,000, mapipa mia nne, na sehemu kubwa inateremka korongoni ikiwa imebeba samadi, mbolea na mbegu zako. Ndiyo maana watu wa huku husema mvua zimepungua hata katika mwaka ambao kipimo cha mvua hakisemi hivyo.

Haya si mageni. Pale Mpwapwa, jirani zako kabisa, vilipimwa vipande vya ardhi katika miaka ya 1930, miongoni mwa majaribio ya mwanzo kabisa ya aina hiyo Afrika. Kwenye ardhi tupu karibu nusu ya mvua ilikimbia. Kwenye shamba la nafaka ilikimbia kama robo. Kwenye kichaka kisichochungwa mifugo haikufika hata asilimia 1. Mvua ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni kilichoifunika ardhi.

Na mimi nimewahi kuwa upande wa wenye dawa, nikiri. Msimu wangu wa kwanza kazini nilitumwa kukusanya sampuli vijiji kadhaa, nikarudi na mifuko mingi, nikaandika mapendekezo ya mbolea hadi kilo. Shamba moja lilitoa majibu mazuri ajabu, fosforasi tele, nikaliwekea nyota. Nilikuja kugundua baadaye kwamba theluthi ya vile vijiko vya udongo nilivichota juu ya zizi la zamani. Mapendekezo yale yalikuwa yameshachapishwa na ofisi niliyokuwa nafanyia kazi, na mkubwa wangu aliona aibu ya kuyafuta kuliko hasara ya mkulima. Tangu hapo kabla ya kufungua mfuko wa sampuli natembea shamba zima nikitafuta mifereji, mizizi na njia za ng'ombe. Karatasi ya maabara haikuonyeshi korongo.

Nyie wa Kongwa mngepaswa kuwa wa mwisho kuuziwa njia ya mkato. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapo na matrekta na mamilioni ya pauni kulima karanga, wakiwa na haraka kuliko subira ya kuusoma udongo na mvua. Kiangazi ardhi ilikauka ikawa kama saruji, karanga zikang'ang'ania chini, majembe yakakatika. Kufikia 1951 mpango umefungwa. Wao walikuwa na wahandisi, Mwalimu. Huyu wako ana pikipiki na chupa.

Kuhusu kupumzisha shamba. Ukiliacha tupu na gamba lake, mbuzi wa kijiji kizima wakapita humo kuanzia Juni, baada ya misimu miwili utalikuta lina gamba gumu zaidi na mifereji zaidi. Watu hunitolea mfano wa Kondoa, kwamba ardhi ilipumzika ikapona. Kweli, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lile lililoharibika, nyasi na miti vikarudi. Lakini hapo hapakuachwa tu. Ng'ombe walitolewa, watu wakajenga makinga maji (matuta na mitaro inayokata mteremko), wakapanda miti, wakalinda, na kuna familia zilizolipia hatua ile kwa kupoteza maziwa na samadi. Makorongo yenyewe bado yapo, nenda Haubi ukayaone. Nyasi zilirudi juu ya kilichobaki.

Sasa la kufanya. Tengeneza fremu ya A kwa fito tatu, kamba na jiwe, upime kontua, yaani mistari ya usawa mmoja inayokata mteremko, uchimbe makinga maji kuanzia juu ya shamba, kwa sababu maji yanayokuharibia mengi si ya mvua yako, yanatoka mlimani. Ongea na jirani wa juu. Bila yeye utakuwa unakinga gharika kwa kiganja. Acha kulima kwa kufuata mteremko, hata kama mwenye ng'ombe wa jembe anadai ndivyo wanavyovuta vizuri. Na mkiberega (mkikwangua shamba juujuu kabla ya kupanda), msiyachome yale majani mliyoyakwangua. Yaacheni yalale juu.

Katikati ya makinga, chimba mashimo ya Chololo, yaliyochukua jina la kijiji cha hapa hapa Dodoma: upana sentimita 22 hivi, kina 30, shimo hadi shimo sentimita 60, mstari hadi mstari 90. Weka mabaki ya mimea, majivu kidogo kwa ajili ya mchwa, samadi, kisha mtama. Sikudanganyi kuhusu jasho lake: ekari nzima inameza mashimo kama 7,500. Anza na robo ekari. Visiki vinavyochipua humo usiving'oe, vipunguzie matawi uviache vikue. Mabua nayo yabaki shambani. Najua hilo ni gumu kuliko kuchimba, kwa sababu baada ya mavuno shamba lako ni malisho ya kila mwenye ng'ombe, na mimi sina kipimo cha maabara kinachoweza kumzuia jirani.

Ukishazuia maji kukimbia, hapo kupima udongo kutakuwa na maana, na mbolea pia. Chota sehemu 10 hadi 15 kwa mwendo wa kwenda zigizaga, kina cha sentimita 20, ukiepuka zizi la zamani (unajua kwa nini), kichuguu na chini ya mti. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, funga nusu kilo, upeleke maabara inayojulikana, kama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro au ya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Mlingano, kule Tanga, au umwone ofisa ugani wako akuelekeze.

Kijana akirudi kudai nusu yake, usigombane naye. Mwambie achomeke kile kidude mahali pakavu, asome namba kwa sauti. Kisha mimina hapohapo kikombe kimoja cha maji, mwombe achomeke tena.