Maswali Yenu: Entebbe hadi Arua angani, na tiketi ya Kigali inayorudi nyuma

SWALI: Mhariri, salaam. Kwa basi, Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na Entebbe bado 40 mbele. Shemeji yangu anayepanda ndege anasema angani hazifiki 400. Nyingine zimeenda wapi? Na mbona leo anatumia saa moja na robo, kesho saa moja na nusu? – Msomaji, Arua

JIBU: Shemeji yako hakudanganyi. Basi linafuata madaraja: linapita Nebbi, linavuka Nile Pakwach, linakwenda mashariki hadi Karuma, linavuka tena, ndipo linashika kusini kupitia Luwero. Ndege haihitaji daraja.

Hesabu yake unaiweza mwenyewe kwa simu. Uwanja wa Entebbe uko digrii 0.04 kaskazini na 32.44 mashariki, wa Arua 3.05 kaskazini na 30.92 mashariki. Toa: unapata 3.01 na 1.52. Zidisha kila moja kwa 111, ambazo ni kilomita za digrii moja, zinakuja kilomita 334 na 169. Sasa ni pembetatu ya darasani: kipeo cha pili cha kila moja, jumlisha, tafuta kipeuo. Jibu ni kilomita 374. Njia hii inakubali kwetu kwa sababu tuko kwenye ikweta, ambako digrii ya longitudo ni karibu sawa na ya latitudo. Ukiipeleka Ulaya itakupotosha vibaya.

Muda ni habari nyingine. Ndege ndogo ya injini moja kama Cessna Caravan hukimbia kilomita 300 hivi kwa saa, kwa hiyo kilomita 374 ni saa moja na robo. Ongeza dakika kama 10 za kutembea uwanjani, kupanda na kujipanga kutua. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukiwa usoni, mwendo unashuka hadi 260 na safari inakuwa saa 1 na dakika 26. Ukiwa mgongoni, ni saa 1 na dakika 6. Angalia: ulipoteza 11, umerudishiwa 9 tu. Upepo haulipi deni lote. Mchana kukiwa na wingu la radi, rubani hulizunguka. Kilomita 30 za kuzunguka ni dakika 6.

Begi lako liwe laini, maana kwenye ndege hizi mzigo mara nyingi ni kilo 15, na usione haya ukiambiwa upande mizani nalo.

SWALI: Tiketi yangu inasema naondoka Entebbe 10:00 na kufika Kigali 09:55. Wamekosea? – Msomaji, Masaka

JIBU: Hawajakosea. Ni kilomita 340, dakika 55 hivi kwa ndege kubwa, na Rwanda iko nyuma yetu kwa saa nzima. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake. Kurudi, dakika hizohizo zitaonekana kama saa 2 kasoro dakika 5.

Kinachowakosesha watu ndege zaidi ni hiki: 07:30 ya tiketi ni saa moja na nusu asubuhi, si saa saba na nusu mchana. Ukifika saa sita, ndege ilishaondoka zamani.